Ubao wa Futi Tisa

Siku ya tisini na nne tangu kaka yangu afariki, nilirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kosa la mito ya kulalia.

Maelezo ya kosa ni kama ifuatavyo. Nilibandika tangazo kwenye mlango wa bweni, lenye saini ya mwalimu mkuu, likiwataka wasichana wote wapeleke mito yao maabara ikapimwe uzito, kwa kuwa baadhi ya mito ilikuwa imeonekana kunenepa bila sababu za kuridhisha. Saini niliichora mimi. Saa moja asubuhi wasichana mia mbili walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja amekumbatia mto wake. Mwalimu wa kemia, mtu mwema asiyependa kuhoji amri, alikuwa ameshapima kumi na saba na kuandika matokeo kwenye jedwali kabla hajajiuliza ni kazi gani hii.

Barua niliyopewa nipeleke nyumbani ilisema: "Kwa kuzingatia msiba uliomfika, mwanafunzi huyu amepewa adhabu ya wiki moja badala ya kufukuzwa." Niliisoma mara tatu ndani ya basi. Niliona nimedhulumiwa. Mtu anafanya kazi nzuri kama ile, halafu anapewa punguzo.

Hapana, hilo la kudhulumiwa nimeliongeza baadaye. Sikuona chochote. Nilikunja barua nikaikalia ili isipeperushwe, nikahesabu nguzo za umeme mpaka nikachoka.

Watu wakisikia kwamba kaka yangu alikuwa anafundisha kupanda mawimbi, hutikisa kichwa na kusema, aa, bahari. Si bahari. Bahari ilikaa naye miaka kumi na minne bila kumfanya kitu. Alikuwa anavuka barabara mbele ya benki, saa tano asubuhi, amebeba ubao kwapani, akagongwa na lori la maji ya chupa. Ubao haukupata hata mkwaruzo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mtaa mzima walimwita Chumvi, kwa sababu ilimkaukia kwenye nyusi na hakuwahi kuifuta. Nilipoambiwa nilikuwa bwaloni, nimeshika kijiko. Matroni aliniwekea mkono begani akasema aliyotumwa kusema. Nikamuuliza kama naweza kumaliza kula. Nikamaliza.

Mimi Chumvi aliniita Mheshimiwa, na jina hilo lina historia ambayo sina budi kuiwasilisha.

Nyumba yetu iko nyuma, karakana iko mbele, na mbele ya karakana kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna mchanga na maji. Baba anatengeneza mbao za kupandia mawimbi. Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilipewa rangi iliyobaki na ruhusa ya kuchora kwenye ukuta wa kushoto, nikachora historia yote ya mchezo huu, sehemu nane, na kila mgeni aliyeingia kununua au kukodi nilimsimamisha mbele ya ukuta na kumhutubia kwa fimbo.

Sehemu ya kwanza ni visiwa vya Pasifiki, ambako watu walipanda mawimbi karne na karne, machifu kwa mbao ndefu kuliko za wengine. Sehemu ya pili ni pwani ya magharibi ya Afrika, ambako wasafiri wa zamani waliandika kuwaona watoto wamelala juu ya vibao, wakisukumwa na mawimbi mpaka mchangani. Ya tatu ni wamisionari waliofika visiwani wakakuta watu wenye nguo chache wanacheza saa za kazi, wakakunja uso. Ya nne ni mchezo kuvuka bahari karne ya ishirini, na ya tano ni mbao kupungua uzito: mti mzima ukaacha nafasi kwa povu gumu lililovikwa kitambaa cha faiba. Sehemu ya sita inahusu jenerali mmoja aliyeshinda vita akiwa amesimama juu ya mlango wa jiko. Hiyo ni uongo wangu mwenyewe, lakini ndiyo wageni waliyoipiga picha zaidi.

Sehemu ya saba ni babu. Babu alikuwa seremala wa milango. Siku moja akaja mgeni na ubao mrefu juu ya gari, babu akautazama asubuhi nzima kwa mbali, kwa kuwa aliona aibu kuuliza. Akaenda nyumbani, akauchonga kwa kumbukumbu, na mti mzuri pekee aliokuwa nao ulikuwa mlango wa stoo. Tundu la funguo hakuliziba. Kila alipopata wimbi, maji yalirukia kwenye tundu yakampiga tumboni, na watu ufukweni walishika mbavu: "Seremala kafungiwa nje leo!" Ubao huo mpaka sasa umetundikwa juu ya mlango wa karakana, na tundu lake.

Ya nane ni sasa hivi: viti, miavuli, kaptula za maua, vijana wanaojipaka kwenye nywele nta ya kupakia ubao miguu isiteleze, ili wanukie ubao ambao hawajawahi kuupanda.

Chumvi alikuwa anapita nyuma yangu amebeba mbao mbili, amelowa, na kusema kwa sauti wageni wasikie: "Mheshimiwa anajua kila ubao uliowahi kuingia majini duniani. Muulizeni amesimama juu ya upi."

Hakuna. Nilijua kuogelea kama wote, lakini kusimama sikuwahi. Nilikuwa na shughuli nyingi za kitaifa.

Basi nilifika nyumbani Jumatatu mchana. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha karakana, mikono juu ya magoti. Mikono ya Baba siku zote ilikuwa na gundi iliyogandia kwenye vinyweleo. Sasa ilikuwa safi kama ya karani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umefanya nini safari hii?"

"Mito."

"Mito gani?"

Nikaeleza. Zamani angeuma mdomo ili asicheke, kisha angeniambia niende kwa Mama nikaadhibiwe na mtu mwenye uwezo huo. Sasa alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Kumi na saba," alisema.

"Kumi na saba, Baba."

"Mwalimu mvumilivu huyo." Akarudi kutazama barabara.

Mama alikuwa ndani kwenye cherehani. Mama anashona mifuko ya turubai ya kubebea mbao. Baba humaliza ubao, Mama huupima kama anavyopimwa mtu suti, kisha huushonea mfuko. Kwa siku tisini na nne Baba hakuwa amegusa kifaa chochote, lakini Mama alikuwa hajaacha kushona. Mifuko ilining'inia kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini, mirefu, mitupu, imebonyea katikati. Niliihesabu, pamoja na ule uliokuwa kwenye cherehani. Thelathini na moja.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya mbao."

"Mbao zipi?"

"Shika hapo nikate uzi."

Nikashika. Akakata. Akaanza mwingine? Hapana, alikuwa anamalizia huohuo wa thelathini na moja, akasimama, akautundika mwisho wa kamba, akaunyoosha kwa kiganja.

"Baba yako anakabidhi karakana Jumamosi," alisema bila kugeuka.

"Kwa nani?"

"Bwana Miavuli. Anataka pa kuwekea viti vyake. Ukuta wako amesema ataubakiza, amempenda yule jenerali."

Bwana Miavuli ni mtu mnene mpole mwenye viti vya plastiki mia nne ufukweni na mwavuli mmoja kwa kila viti viwili. Hana ubaya wowote. Ningependa sana awe na ubaya, ingesaidia.

"Na Baba atafanya nini?"

"Kile anachofanya sasa," Mama alisema. "Ila atakifanyia huku nyuma."

Hapo ndipo nilipoelewa hali ilivyo. Baba akishatoa zile funguo, atakaa kwenye kiti cha sebuleni, na hatainuka. Sikuwa na uchungu nalo. Nililiona tu, kama unavyoona meza ina mguu mfupi. Lakini mguu mfupi mtu anaweza kuuwekea karatasi chini.

Jioni niliingia chumba cha kuchongea. Ni chumba chembamba chenye taa ndefu mbili, moja kila upande, ili kivuli kionyeshe kila kosa. Katikati, juu ya stendi mbili, ulikuwa ubao wa mwisho wa Chumvi. Alikuwa amemaliza kuuchonga asubuhi ileile ya ajali. Ulikuwa bado povu jeupe tupu, na katikati uti mwembamba wa mti kutoka pua hadi mkia. Haukuwa na faiba wala gundi. Vumbi lake lilikuwa bado sakafuni, na alama za kandambili zake ndani ya vumbi.

Ni lazima nieleze utaratibu, maana kila kitu kinasimama hapo. Ubao ukishachongwa, kabla haujavikwa faiba, mchongaji anachukua penseli bapa ya seremala na kuandika juu ya uti: urefu, upana, unene, na jina la mwenye ubao. Halafu kinakuja kitambaa cha faiba, inakuja gundi, na maandishi yanabaki ndani, yanaonekana lakini hayafutiki tena. Baba hajawahi kupaka gundi kwenye ubao usio na jina. Babu alikuwa hivyohivyo na milango yake: mlango usio na nyumba hakuupaka vanishi.

Niliutazama uti kutoka mwanzo hadi mwisho. Safi. Hakuna hata nukta.

Asubuhi nilimkuta Baba kizingitini.

"Baba, kwa nini usiumalizie ule?"

"Sijui ni wa nani."

"Hakukuambia?"

"Nimesema sijui." Hakukasirika. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu aliyeko chumba cha tatu. "Bwana Miavuli atasaidia kuutoa Jumamosi. Tutauweka nyuma ya nyumba, chini ya bati."

"Jua litauharibu. Povu litageuka njano."

"Litageuka," Baba alikubali.

Nikaenda kuupima. Futi tisa, inchi ishirini na tatu, inchi tatu. Kwa asiyejua: huo ni ubao wa kivivu, mpana, mnene, unaoelea kama kitanda. Vijana hawautaki. Unamfaa mtu mzito, au mwoga, au mtu mzima ambaye viungo vinamuuma. Baba aliacha kuingia majini miaka minne iliyopita akidai magoti, na Chumvi hakumpa nafasi ya kupumua kwa sababu hiyo. "Fundi Mkuu," alikuwa anamwambia mbele ya wateja, "hayo magoti yako yanauma ukiona maji tu? Mbona ngazi unapanda?"

Nikaona jambo lenyewe liko wazi. Ulikuwa wa Baba, na Chumvi hakuwahi kuandika. Na hata kama haukuwa wake, ulifaa kuwa wake, na mimi nina mkono.

Jumanne na Jumatano nilifanya mazoezi. Nilikuwa na daftari la Chumvi la wanafunzi wake, lenye majina na vipimo. Alikandamiza penseli mpaka karatasi ikaingia ndani. Herufi yake ya a haikufungwa juu, mtu angeweza kusema ni u. Herufi ya k ilikuwa na mguu mrefu kama unaotaka kumpiga teke jirani. Niliandika kwenye karatasi za Mama za kukatia vitambaa, thelathini au arobaini, nikazichoma zote nyuma ya nyumba. Mama alipita na beseni la nguo.

"Unachoma nini?"

"Ushahidi."

"Usichome na kamba yangu ya nguo," akasema, akaendelea.

Alhamisi Baba alikwenda kwa Bwana Miavuli kuzungumza mambo ya Jumamosi. Nilivaa barakoa, kwa heshima ya chumba, nikaingia bila viatu nikikanyaga pembeni ili nisiguse alama za kandambili. Nikachukua penseli bapa kwenye mkebe. Ilikuwa na alama za meno yake. Niliitazama kidogo, nikasubiri kama kuna kitu kitatokea ndani yangu, hakikutokea, nikaandika.

"Kwa Fundi Mkuu. Magoti si kisingizio." Na chini yake vipimo.

Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu. Saini ya mwalimu mkuu ikilinganishwa na ile ni mkwaruzo wa kuku. Nilipuliza vumbi kidogo juu yake ili ionekane ya siku tisini na saba.

Baba aliporudi nilikuwa kwenye kizingiti, nimekaa alipokaa yeye, ili asiweze kukaa.

"Sogea."

"Baba, nimewasha taa kule ndani nikaona kitu. Sina uhakika. Huenda ni macho yangu."

Alinitazama muda kidogo. Kisha akaingia. Sikumfuata. Nilihesabu magari, yalipita kumi na moja, na baiskeli moja yenye mtu amebeba mwavuli wa Bwana Miavuli.

"Mheshimiwa," aliita.

Tangu Chumvi afe hakuna aliyeniita hivyo. Nikaingia.

Baba alikuwa ameinama juu ya ubao, uso karibu kabisa na uti. Alikuwa anafuata herufi kwa ukucha bila kuzigusa.

"K umeipatia," alisema.

Nilitazama mkebe wa penseli.

"Na a. Na huku alivyokuwa anakandamiza mwishoni. Ningepewa karatasi hii benki, ningetoa pesa."

"Baba, mimi..."

"Mkono ni wake kabisa. Ila mahali si pake." Akanyooka, magoti yakalia. "Chumvi hakuandika juu hata siku moja. Kelele zote hizo tulizopigiana humu ndani, hukusikia? Mimi naandika juu, babu yako aliandika juu. Yeye alisema juu ni pa nta na nyayo. Alisema maandishi yakae chini, upande unaoona maji."

Miaka kumi na sita nimeishi ndani ya karakana ile. Nimehutubia ukuta mpaka sauti ikakauka. Sikuwahi kugeuza ubao hata mmoja.

"Shika mkia," Baba alisema. "Taratibu. Geuza kwako."

Tukaugeuza. Upande wa chini ulikuwa umejaa vumbi jeupe lililoshikamana. Baba alipuliza karibu na mkia, mara moja, kidogo tu, kama mtu anayepuliza jicho la mtoto. Chini ya vumbi kulikuwa na penseli. Herufi ya a haikufungwa.

"Kwa Mheshimiwa. Siku atakapofunga mdomo."

Na vipimo. Futi tisa, ishirini na tatu, tatu. Ubao wa mwoga.

Nilisoma tena. Nilijua natakiwa nifanye nini, nimeona watu wanavyofanya. Mwili haukutii. Nilisikia tu taa ndefu inavuma na mawimbi kwa mbali, na nikaona kwamba aliandika "Mheshimiwa" bila kulifupisha, mstari mmoja, kwa makini, kama anajaza fomu.

"Ulisema hujui ni wa nani," nilisema.

"Nilisema uongo."

"Baba!"

"Unashangaa nini? Ulidhani umerithi kwa mama yako?"

Akasugua kiganja kwenye suruali, kiganja chake kile kisafi.

"Nikiupaka, umekwisha," alisema. "Utakuwa ubao kama mbao zote. Sasa hivi bado yuko katikati ya kazi. Ametoka tu mara moja." Akatazama sakafu, zile alama. "Ndiyo maana sikukuambia. Si kwamba nilitaka kukunyima."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa."

Nikaona msasa juu ya rafu. Ningepitisha mara mbili tu, uongo wangu ungekuwa vumbi. Nikauchukua.

"Nifute ya juu?"

Baba alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kwa uso wake wa zamani, ule wa kupima.

"Acha," akasema. "Magoti si kisingizio. Angeweza kuisema."

"Aliisema, Baba. Mara mia."

"Basi acha." Akavuta droo, akaitazama, akaifunga. Akavuta nyingine. Siku tisini na saba na alikuwa amesahau glavu ziko wapi. "Kesho asubuhi tunaanza na upande wako. Ulale mapema. Gundi haina subira."

Haina kweli. Ijumaa alfajiri Baba alifagia chumba. Alifagia kila kitu, pamoja na alama za kandambili, bila kusimama, na mimi nilishika kizoleo. Tukatandaza faiba juu ya upande wa chini, ikalala kama shuka. Baba akachanganya gundi na dawa ya kugandisha kwenye ndoo, na kuanzia hapo una dakika kumi na tano, ukichelewa inagandia mkononi mwako na ubao umeharibika. Alimwaga, akanipa kipande cha plastiki cha kusambazia. Kitambaa kilicholowa kinapotea, kinakuwa kama kioo, na penseli ya Chumvi ikatokea, nyeusi kuliko mwanzo.

"Kwangua! Toa upepo huo. Kuelekea nje, nje! Usiihurumie!"

"Sihurumii!"

"Unapapasa kama unampaka mtoto mafuta! Kwangua!"

Ilikuwa mara ya kwanza Baba kupandisha sauti tangu yule dereva wa lori aje kukaa sebuleni kwetu na kulia, huku sisi tukimpa maji. Nilikwangua. Kwa dakika kumi na tano hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na kaka wala mtoto, tulikuwa na kingo tu. Halafu ikashika, tukatoka nje, nikakaa nikitazama vidole vyangu vimegandana.

Upande wa juu ulikuwa wa Jumamosi, kwa kuwa lazima wa chini ukauke kwanza. Bwana Miavuli naye alikuwa wa Jumamosi, saa nne. Saa nne kasoro dakika mbili Baba alimwaga ndoo. Saa nne kamili mlango uligongwa.

"Nenda," Baba alisema bila kuinua uso. "Usifungue sana, vumbi linaingia."

Nikapenya nje, nikasimama chini ya ubao wa babu.

"Shikamoo."

"Marahaba binti. Baba yupo?"

"Yupo kikaoni."

"Kikao gani tena? Nimekuja na vijana na viti mia, wako kwenye gari." Akanusa. "Hiyo harufu ni gundi?"

"Siwezi kuthibitisha wala kukanusha."

"Wewe mtoto, nakujua. Mwambie baba yako nimefika."

"Ameshajua. Ana dakika kumi na tatu. Chukua kiti ukae, unavyo vya kutosha."

Akacheka, Mungu ambariki, akashusha kiti kimoja cheupe kwenye gari, akakaa barabarani mbele ya mlango wetu, mikono juu ya tumbo. Vijana wake wakashusha vyao. Tulikaa hivyo wote, kama wasafiri wa basi moja.

Mlango ulipofunguka Baba alitoka amenyoosha mikono mbele, glavu zimekauka, gundi imemwagikia mpaka kwenye viwiko. Mama naye alikuwa ametokea pembeni ya nyumba, sindano mdomoni.

"Fundi," Bwana Miavuli alisema, akasimama. "Funguo."

"Ziko mfukoni," Baba alisema. "Mikono haishiki kitu."

"Basi nitoe mimi?"

Baba aligeuza uso. Alikuwa anamtazama Mama.

"Umeshona mifuko mingapi?" alimuuliza.

Mama akatoa sindano mdomoni. "Thelathini na moja."

"Yote ya futi tisa?"

"Sijapima. Hakukuwa na cha kupima." Alisema vilevile alivyosema yote kwa miezi mitatu, lakini akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni, jambo ambalo hufanya akiwa anataka mikono miwili. "Ipo mirefu, ipo mifupi. Nilikuwa nakata tu."

Baba akamgeukia Bwana Miavuli.

"Umesikia. Mifuko thelathini na moja, na ubao mmoja," alisema. "Bado mbao thelathini."

Bwana Miavuli alitazama mikono ile, akatazama mlango, akatazama viti vyake. Nilisema hana ubaya. Alikaa tena kidogo, kama mtu anayemalizia alichokuja kufanya, kisha akawaambia vijana wapakie.

"Na yule jenerali?" aliniuliza akiwa ameshika mlango wa gari. "Ilikuwa vita gani ile hasa?"

"Hakuna. Nilitunga."

"Aah." Akaonekana kuumia kweli. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwona akiumia waziwazi wiki ile.

Jumapili niliondoka. Ubao ulikuwa bado haujapigwa msasa wala kuwekwa mapezi ya chini mkiani, Baba alisema wiki mbili, labda tatu, likizo utaukuta. Mama alikuwa anaupima kwa utepe, akijaribisha mfuko baada ya mfuko. Wa nne ulitosha karibu, akaufumua pembeni ili utoshe sawasawa.

Matroni alinipokea mlangoni mwa bweni. Alipekua begi langu, alipekua mto wangu, akaubonyeza mara mbili kama anayepima uzito, akanitazama.

"Haya," alisema. "Una la kusema?"

Wasichana wote walikuwa wamekaa vitandani wakisubiri. Nilikuwa na hotuba nzima, niliitunga kwenye basi, ilikuwa nzuri sana na ilikuwa na sehemu nane.

Sikusema kitu. Nilikuwa nafanya mazoezi.